Kuhamisha Si Kunakili



Mwezi uliopita katika ukurasa huu tulizungumza juu ya mchwa na hati za nyumba, na namna ya kuyahifadhi makaratasi ya wazee wetu yasiliwe. Vijana kadha wa kadha walicheka. Walisema kwamba wakati wa makaratasi umekwisha, na kwamba mambo ya nyumbani sasa yamo katika simu na kompyuta, mahali ambapo mchwa hafiki. Wamesema kweli, mchwa hafiki huko. Lakini katika umri wangu wote mchwa amenilia karatasi chache sana, na kisanduku kimoja cha hao vijana kimenipotezea kitu ambacho sitakipata tena maishani. Basi yanipasa mwezi huu niseme khabari hizo, ijapokuwa si khabari za kujisifu nazo.

Marehemu baba alikuwa na desturi ya kukaa barazani baada ya sala ya alasiri na kuwasimulia wajukuu mambo ya zamani: majahazi yaliyokuja na kaskazi kutoka Bara Arabu na kurudi na kusi, bei za nazi na papa mkavu, nani alimwoa nani, na nyumba ipi ilijengwa na fundi gani. Katika miaka yake 3 ya mwisho nilikuwa nikimrekodi kwa simu. Yalikuwa mazungumzo zaidi ya 40, mengine ya dakika chache, mengine ya saa nzima. Simu ilipojaa niliyapeleka kwenye kompyuta. Kompyuta ilipojaa nilinunua diski ya nje, yaani kile kisanduku chembamba mfano wa kitabu cha mfukoni, ambacho huchomekwa kwa waya. Nikayatia yote humo, pamoja na picha za harusi, picha ya hati ya kiwanja, vyeti vya watoto, na picha za barua ambazo mama alikuwa akiandikiwa na dada yake kutoka Maskati. Kisha, ili kompyuta ipate nafasi, nikayafuta kwenye kompyuta. Nikawaambia watu wa nyumbani, "Sasa kila kitu kina akiba yake."

Maneno hayo ndiyo yaliyokuwa kosa lenyewe, na kuanguka kwa kisanduku kulikuwa ni matokeo tu. Kabla ya siku ile sauti ya baba ilikuwa na nakala moja, nayo ilikuwa ndani ya kompyuta. Baada ya siku ile ilikuwa na nakala moja, nayo ilikuwa ndani ya kisanduku. Nilichofanya ni kuhamisha, wala si kunakili. Mfano wa mtu aliyetoa fedha katika mfuko wa kulia akazitia katika mfuko wa kushoto, kisha akajiona amekuwa tajiri mara mbili. Nimeuliza watu wengi tangu siku hizo, na naona kwamba katika kila nyumba 10 zenye diski ya nje, labda 7 au 8 zimefanya kama nilivyofanya mimi.

Diski ilianguka usiku mmoja ilipokuwa inafanya kazi. Mtu alipita, mguu ukakamata waya, kisanduku kikashuka kutoka mezani mpaka sakafuni. Kimo chake hakikuzidi goti la mtu mzima. Nilikiokota, nikakipangusa, nikakichomeka tena, nikasikia sauti ya tik, tik, tik, mfano wa saa mbovu.

Msomaji asiyejua yaliyomo ndani atastaajabu kwamba jambo dogo kama hilo laweza kuleta maafa makubwa. Ndani ya kisanduku cha namna hii mna sahani zinazong'aa kama kioo, zilizopakwa utando mwembamba wa sumaku, na katika visanduku vingi vya nyumbani sahani hizo huzunguka mara 5,400 kwa dakika. Juu yake huelea kichwa kidogo cha kusomea. Kichwa hiki hakigusi sahani. Hutengwa nayo na hewa ya unene wa nanomita chache tu, na unywele mmoja wa mtu una unene wa maelfu mengi ya nanomita. Kisanduku kikianguka hali sahani zinazunguka, kichwa huweza kuigonga sahani na kuikwaruza, na palipokwaruzwa hapasomeki tena na mtu yeyote. Zaidi ya hayo, unga unaotoka katika mkwaruzo hurushwa huku na huku, ukaharibu na pale palipokuwa pazima. Kwa hiyo kule kuchomeka kwangu mara ya pili, na ya tatu, na pengine ya kumi, nikiomba labda itakubali, kulizidisha khasara. Mwenye kusikia tik tik katika diski yake na achomoe waya mara moja, asiuchomeke tena, bali ampelekee fundi anayejua kazi hiyo khasa. Kisanduku kisitiwe katika friji, wala katika mchele, ijapokuwa wako watakaomshauri hivyo.

Fundi wangu alikifungua, akanionyesha mstari wa duara juu ya sahani kama mkwaruzo wa msumari. Alisema kwamba ziko nyumba za kazi nchi za nje, zenye vyumba visivyo na chembe ya vumbi, ambazo huweza kujaribu. Bei ilikuwa ya kununulia diski 10 mpya na zaidi, na hata wao hawakuahidi lolote.

Haikupita miezi mingi, mpwa wangu, binti wa dada yangu, akajifungua mtoto wa kiume, wakampa jina la babu yake. Akanipigia simu.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mwanangu. Mtoto hajambo?"

"Hajambo, alhamdulillahi. Mjomba, zile sauti za babu bado unazo? Nataka mtoto akue akimsikia."

Nilimjibu kwamba nitazitafuta. Sikuwa na ujasiri wa kusema zaidi siku ile.

Basi tuyatazame mambo yalivyo, ili nyumba nyingine isifike hapo. Jambo la kwanza ni kwamba diski hufa, hata zisizoanguka. Kampuni ya Backblaze ya Marekani, ambayo kazi yake ni kuwatunzia watu mafaili, ina diski zaidi ya 200,000, na tangu mwaka 2013 imekuwa ikitangaza waziwazi ngapi hufa. Mwaka 2023 ilikuwa karibu diski 17 katika kila 1,000. Nazo ni diski zinazokaa katika vyumba vya ubaridi, hazibebwi mkobani, hazifiki ufukweni penye hewa ya chumvi, wala hazipatwi na umeme unaokatika na kurudi kwa kishindo. Za kwetu haziwezi kutazamiwa kuishi vizuri zaidi ya hizo.

Mpiga picha mmoja wa Marekani, Peter Krogh, katika kitabu chake cha kuwafundisha wenzake kutunza picha, alieneza kanuni nyepesi ya 3, 2, 1: nakala 3 za kila kitu, katika vyombo vya namna 2, na 1 katika hizo iwe nje ya nyumba. Wenye ujuzi wamezidisha mambo mengine juu yake, lakini mwenye kuishika hiyo tu amekwisha kujiepusha na misiba mingi. Mwizi akiingia ataichukua kompyuta na diski iliyo karibu nayo kwa pamoja, na moto na mafuriko hayachagui. Hati za kale za Msikiti wa Riyadha wa Lamu zilipigwa picha kwa mpango wa Maktaba ya Uingereza wa kuokoa kumbukumbu zilizo khatarini, ili mfano wake uwepo na mahali pengine ghairi ya kisiwani. Na mwezi wa Oktoba 2023 wahalifu wa mitandao wakaishambulia maktaba hiyo hiyo ya London, huduma zake za mtandaoni zikazimika kwa miezi mingi. Hati zenyewe zilikuwa kwao Lamu. Kumbe hata mwenye kuwatunzia wengine huweza naye kuhitaji kutunziwa.

Ama jambo la pili, nalo ndilo linalowadanganya vijana wengi, ni kudhani kwamba vyombo viwili vinavyofuatana vyenyewe kwa vyenyewe ni akiba. Simu na kompyuta zikiunganishwa hivyo, ukifuta picha kwenye simu hufutika na kwenye kompyuta, na ugonjwa wa kompyuta ukiingia mmoja huweza kuhamia wa pili. Mwezi wa Juni 2017 kampuni ya meli ya Maersk ya Denmark, ambayo makontena yake twayaona bandarini Mombasa na Dar es Salaam, ilipatwa na ugonjwa wa kompyuta ulioitwa NotPetya. Ilikuwa na kompyuta karibu 150 duniani zenye kutunza orodha ya watumiaji na ruhusa zao, na kila moja ilikuwa nakala ya nyenzake. Walidhani kwamba haiwezekani zife zote kwa siku moja. Zikafa zote, isipokuwa moja iliyokuwa Ghana, ambayo ilisalimika kwa kuwa umeme ulikuwa umekatika huko kabla ya ugonjwa kufika. Kutokana na hiyo moja ndipo walipoweza kujenga upya. Sijapata kusikia mahali pengine ambapo kukatika kwa umeme kumeshukuriwa namna hiyo. Faida yetu katika khabari hii ni kwamba nakala moja nyumbani ikae imechomolewa, iko kabatini, haina waya wowote.

Sasa tuje katika kununua, kwani swali la kila nyumba ni fedha.

Kabla ya kununua chochote, chagueni. Sisi tulikusanya diski 3 za zamani, kompyuta 2 na simu zisizotumika, tukakuta gigabaiti kama 1,300. Mama watoto akakaa nayo jioni nyingi, na kusema kweli kazi hiyo aliiweza yeye kuliko mimi, kwani mimi kila kitu nakionea huruma. Yeye alikuwa na swali moja tu: "Hiki kikipotea, twaweza kukipata pengine?" Sinema na mawaidha yaliyotolewa mtandaoni yakaenda, kwani yapo mahali pengi. Picha za maua zilizoandikwa "Ijumaa njema", ambazo kila jamaa humpelekea kila jamaa, zilikuwa maelfu. Picha moja ya harusi ya dada tuliikuta mara 5 kwa majina mbalimbali, na ile iliyopitia WhatsApp ilikuwa imepunguzwa hata nyuso za nyuma hazijulikani. Tukaweka iliyo kubwa. Mwisho zikabaki gigabaiti 200 hivi. Kama tungalikwenda dukani kabla ya kuchagua, tungalilipia mahali pa kuwekea maua ya Ijumaa.

Gigabaiti 200 zaweza kuwekwa wapi kwa bei nafuu? Iliyo nyepesi kuliko zote ni diski ya pili ya nje, na afadhali iwe ya kiwanda kingine au ya mwaka mwingine, ili kasoro moja isizipate zote mbili. Hii ya pili haifai kukaa katika nyumba moja na ya kwanza. Sisi yetu iko kwa dada yangu Tanga, na kila aendaye huko huchukua iliyojazwa karibuni na kurudi na ya zamani.

Flashi ni rahisi, na ndiyo maana nazitilia hadhari. Taarifa ndani yake hushikwa na chaji ndogo za umeme, na chaji hizo huvuja polepole kikiwa chombo kimewekwa bila ya kutumika, khasa kikiwa kimechakaa au kiko penye joto. Kwa kubebea ni nzuri, kwa kuzika miaka 10 si nzuri. Tena zimejaa sokoni flashi za uwongo, zilizoandikwa terabaiti 1 au 2 na bei yake ni ya sahani ya biriani. Ndani yake mna nafasi ndogo tu, lakini zimefundishwa kuidanganya kompyuta. Utanakili, utaona majina yote ya mafaili yapo, na siku ya kuyafungua utakuta yaliyoandikwa mwisho yamefunika ya kwanza, au hayamo kabisa. Ziko programu za bure za kuzipima, kama H2testw na F3, ambazo huijaza flashi mpaka mwisho kisha huisoma yote. Kijana mwenye kompyuta aweza kuifanya kazi hiyo kwa usiku mmoja kabla baba yake hajaitia mali humo.

Sahani za DVD huchukua gigabaiti 4.7 kila moja, kwa hiyo tungalihitaji 43, na hapana aliye na saburi hiyo. Za Blu-ray huchukua 25, zingalitosha 8, ila mashine ya kuziandikia ni adimu kwetu. Nimetia picha ya hati ya kiwanja na vyeti katika sahani 1 ya DVD, ikawekwa pamoja na hati zenyewe, kwani hivyo ni vidogo. Zaidi ya hapo sikuendelea.

Inabaki ile iitwayo hifadhi ya wingu. Jina hili limewapoteza wengi, wakadhani kweli mafaili yao yako mbinguni. Yamo katika jumba lenye milango na paa, lililojaa diski kama ya kwetu, katika nchi ya watu. Tarehe 10 Machi 2021 jumba moja la kampuni ya OVH huko Strasbourg, Ufaransa, liliungua, na wateja ambao nakala zao zote zilikuwa humo walizikosa. Kwa hiyo wingu ni nakala ya tatu, wala lisiwe ya pekee. Lakini likitumiwa hivyo, lina faida kubwa kwa bei ndogo, maadamu mtu anasoma masharti kabla ya kuingia.

Yaliyo ya bure yana mwisho. Google ilikuwa ikipokea picha za watu bila kikomo wala malipo, ikaacha tarehe 1 Juni 2021. Na kuanzia Desemba 2023 ilijipa haki ya kufuta akaunti ambayo mwenyewe hakuigusa kwa miaka 2. Fikirini mzee aliyefariki, na picha zake zote zimo katika akaunti ambayo hapana mtoto anayejua neno lake la siri. Mwaka 2019 MySpace ilikiri kwamba nyimbo na picha walizowekewa na watu kabla ya mwaka 2015 zimepotea katika kuhamisha mitambo. Neno ni lile lile: kuhamisha.

Ya malipo nayo si namna moja. Amazon ilianzisha mwaka 2019 ghala iitwayo Glacier Deep Archive, bei yake Marekani karibu dola 1 kwa mwezi kwa kila terabaiti. Kwa gigabaiti 200 ni senti 20 za dola kwa mwezi, na nilipoliona hilo nilifurahi kama mtu aliyeokota. Kisha nikasoma upande wa pili. Faili likiingia humo hulipiwa si chini ya siku 180 hata ukilifuta kesho. Ukilitaka, hulipati papo hapo. Hungoja mpaka saa 12, na kwa njia ya bei ya chini mpaka saa 48. Na kutoa kuna bei yake, na kuyasafirisha nje ya ghala kuna bei nyingine. Nilipiga hesabu kwamba kuyatoa yetu yote kwa mara moja kungalifika kama dola 13, ambayo ni kodi ya miaka 5 na zaidi. Hii ni ghala ya kuingilia kwa mlango mpana na kutokea kwa mlango mwembamba. Si mbaya, kwa nakala ambayo mtu anatumaini hataigusa kamwe. Lakini asiyejua hayo ataona ameibiwa siku ya msiba. Backblaze kwa upande wake iliweka bei ya dola 6 kwa terabaiti kwa mwezi kuanzia Oktoba 2023, na huruhusu kuyatoa bila malipo mpaka mara 3 ya kiasi ulichoweka. Kwa gigabaiti 200 hiyo ni dola 1 na senti kidogo. Sisi tulichagua ya namna hii ya pili, kwa sababu mimi si mtu wa kukumbuka masharti.

Tena iko hesabu ya muda. Intaneti ya nyumbani kwetu hupeleka megabiti 5 kwa sekunde ikiwa na afya njema. Gigabaiti 200 kwa mwendo huo ni siku 3 na robo tatu, usiku na mchana bila kusita. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika, na pwani yote ikatambaa kwa siku kadhaa. Mwenye kutegemea wingu peke yake siku hizo hakuwa na kitu mkononi. Anzeni na vilivyo adimu, sauti na hati, kisha picha, na video ziwe mwisho. Asiye na intaneti ya mwezi, bali hununua kwa kifurushi, asijitie katika gharama hiyo kwa ajili ya video. Diski mbili katika nyumba mbili zamtosha, na hati chache zipelekwe winguni.

Nimeulizwa na akina mama, nao wana haki ya kuuliza, je, picha za ndani za wake zetu na binti zetu ziwekwe katika jumba la wageni? Jibu ni kwamba zifungwe kabla ya kutoka nyumbani. Ziko programu, kama rclone na restic, ambazo huyageuza mafaili kuwa maandishi ya fumbo katika kompyuta yako mwenyewe, ndipo huyapeleka. Mwenye ghala huona fumbo tu. Ile diski iliyoko Tanga nayo imefungwa vivyo hivyo, si kwa kumdhania vibaya dada yangu, bali kwa ajili ya mwizi wa basini. Lakini ukisahau neno la siri hapana fundi wala kampuni itakayokufungulia. Sisi tumeliandika kwa wino juu ya karatasi mbili. Moja imo pamoja na wasia wangu, na ya pili anayo mwanangu mkubwa. Vijana waliocheka habari za mchwa na watambue kwamba tumerudi kwenye karatasi.

Lililobaki ni kujaribu, na hili ndilo ambalo karibu kila mtu huliacha. Mwaka 1998 kampuni ya Pixar ya California ilikuwa ikitengeneza sinema ya katuni iitwayo Toy Story 2. Mtu akatoa amri ya kufuta kwa makosa, na sehemu kubwa ya kazi ikatoweka mbele ya macho yao. Wakaiendea akiba, wakakuta akiba ilikuwa mbovu kwa muda, wala hapana aliyejua, kwani hapana aliyeifungua. Kilichowaokoa ni kompyuta iliyokuwa nyumbani kwa Galyn Susman, mmoja wa wakuu wa ufundi wa sinema ile, ambaye alikuwa akifanyia kazi kwake kwa sababu alikuwa amejifungua karibuni. Nakala yake ilikuwa ya nyuma kidogo. Ikafungwa mablanketi, ikapakiwa garini, ikaendeshwa polepole mpaka ofisini kama mgonjwa.

Nyumbani kwetu twajaribu mara mbili kwa mwaka, mwezi wa Muharram na mwezi wa Rajab. Binti yangu mdogo huchagua mafaili 10 bila kutuuliza, huyatoa winguni na katika diski, huyafungua katika kompyuta nyingine kabisa, na hutuonyesha. Mara ya kwanza, katika 10 yalifunguka 8. Tukagundua kwamba nakala ilikatika njiani siku umeme ulipozimika, na majina yalikuwapo lakini ndani yake mlikuwa patupu. Tukayanakili upya, safari hii tukaiamuru programu ilinganishe kila faili na asili yake badala ya kuhesabu majina.

Ama sauti za baba, nilimwambia mpwa wangu ukweli katika juma lililofuata. Hakunilaumu, akanyamaza tu, na kunyamaza kwake kulikuwa kuzito kuliko lawama. Yeye ndiye aliyewaandikia jamaa wote, mmoja mmoja, Unguja, Maskati, Leicester. Jamaa wengi hawakuwa na kitu. Binti wa mama mdogo aliyeko Maskati alikuwa na mbili, nilizompelekea zamani kwa simu siku ambazo baba alimtaja, nami nilikuwa nimesahau. Alikuwa hajazifuta.

Moja ni ya dakika 4, nyingine ni ya dakika 11. Sasa zimo katika diski yetu, na kwa dada yangu Tanga, na katika ghala la kukodi, na kwake yule binti Maskati zimo bado. Katika ile ya dakika 11 baba anasimulia jahazi lililokwama mwambani, kisha anakatiza maneno ili kumwuliza mama kama chai imekwisha, na mama anamjibu kutoka jikoni kwamba bado imo birikani. Mpwa wangu humwekea mtoto hiyo.